Thomas Huxley hakuwa mwangwi wa Darwin

Thomas Henry Huxley (1825–1895), mwanabiolojia wa Uingereza aliyemtetea Charles Darwin, mwenye nadharia ya mageuko ya viumbe, hukumbukwa kwa lakabu moja, mbwa wa Darwin, na lakabu hiyo imezaa dhana nyingi potofu kuhusu maandishi yake, kwa kuwa mtu akishaitwa mbwa wa mwenzake huwa rahisi kudhani kwamba kazi yake yote ilikuwa kubweka kwa niaba ya bwana wake.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba aliunga mkono kila alichoandika Darwin. Novemba 23, 1859, siku moja kabla ya kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kutolewa, Huxley alimwandikia barua ya kumsifu, lakini humohumo akamwonya kwamba amejitwika mzigo usio wa lazima kwa kushikilia kuwa maumbile hayaruki hatua, yaani kwamba viumbe hubadilika polepole tu. Mwaka uliofuata aliandika hadharani kwamba uteuzi asilia, yaani wazo la Darwin kwamba viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao ndio huishi na kuzaana, haujathibitishwa kikamilifu, kwa sababu hakuna mfugaji aliyewahi kuzalisha kutoka asili moja aina mbili za wanyama zisizoweza kuzaana vizuri. Kwamba viumbe wa leo wametokana na wengine waliotangulia, hilo alilitetea kwa nguvu zote; njia iliyowafikisha hapo ndiyo aliyoiwekea masharti.

Wengine husema kitabu chake cha 1863, kuhusu nafasi ya binadamu katika maumbile, kinafundisha kwamba tumezaliwa na sokwe. Lawama hapa, kwa maoni yangu, ni ya mchoro wa mwanzo wa kitabu, unaopanga viunzi vya mifupa vya giboni, orangutani, sokwe, gorila na binadamu katika mstari mmoja, kana kwamba ni babu akifuatwa na wajukuu. Wote hao ni viumbe wanaoishi leo. Huxley alikuwa akilinganisha maumbile yao, na hoja yake ni kwamba tofauti kati ya binadamu na gorila ni ndogo kuliko ile iliyopo kati ya gorila na nyani wa daraja la chini.

Hakuwa mkanamungu pia. Neno agnostiki alilibuni yeye mwenyewe mwaka 1869, kwa maana ya mtu asiyedai kujua yale asiyo na ushahidi nayo, na alipochaguliwa katika bodi ya shule za London mwaka 1870 alitetea Biblia iendelee kusomwa darasani, bila mafundisho ya madhehebu yoyote.

Dhana nzito kuliko zote ni kwamba aliyageuza mageuko kuwa sheria ya jamii, mwenye nguvu amshinde mnyonge. Katika mhadhara wake wa Oxford wa mwaka 1893 alisema kinyume kabisa: maendeleo ya kimaadili hayapatikani kwa kuuiga mwenendo wa ulimwengu, yaani mapambano ya kuishi, wala kwa kuukimbia, bali kwa kupambana nao. Mwaka uliofuata aliongeza utangulizi wenye mfano wa bustani, ambayo hudumu kwa sababu tu mtunzaji huzuia mapambano yanayoendelea nje ya ukuta wake. Hata hivyo, msomi wa China Yan Fu alipoutafsiri mhadhara huo kwa Kichina mwaka 1898, aliuambatanisha na maelezo yake mwenyewe yaliyomtetea Herbert Spencer, mwanafalsafa Mwingereza aliyeona ushindani kuwa njia ya maendeleo ya jamii, mtu yuleyule ambaye Huxley alikuwa akimpinga, na wasomaji wengi wa China wakauchukua kuwa wito wa kuingia katika mapambano ya mataifa.