Kitanzi cha sheli hakitafuti mafaili

Kitanzi cha sheli (programu inayopokea amri unazoiandikia kompyuta) hurudia kazi ileile kwa kila neno lililomo kwenye orodha:

for f in *.txt; do wc -w "$f"; done

Hapo kila faili la .txt ndani ya folda linahesabiwa maneno. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo ni huu msemo kwamba "for inatafuta mafaili". Haitafuti chochote. Andika for f in embe chungwa, nayo itazunguka mara mbili bila kujali kama kuna faili lenye jina hilo. Mwenye kutafuta ni sheli: hukifungua kinyota (*) kuwa majina kamili kabla mzunguko wa kwanza haujaanza. Kwenye Unix za mwanzo, miaka ya 1970, kazi hiyo ilikuwa na programu yake pembeni, /etc/glob, na jina la glob halijatoka hadi leo.

Ukilijua hilo, vituko vingi vinaeleweka. Faili linalozaliwa katikati ya kazi haliguswi, maana orodha ilishafungwa. Folda isipokuwa na .txt hata moja, Bash, mojawapo ya sheli, hukiacha kinyota kama kilivyo, kisha wc inalalamika kwamba hakuna faili liitwalo *.txt; kuepuka hilo, tangulia na shopt -s nullglob, ili orodha iwe tupu. Sheli nyingine, Zsh, hukataa papo hapo, na hapo ina busara zaidi.

Wanaoandika for f in $(ls *.txt) ndio wanaojitafutia balaa. Kinyota kilishatoa majina mazima. Amri ya ls, inayoorodhesha mafaili, inayageuza kuwa maandishi matupu, halafu sheli inayakata kila penye nafasi. "ripoti ya Mei.txt" inatoka vipande vitatu: ripoti, ya, Mei.txt. Ukisahau alama za kunukuu kwenye "$f", matokeo ni yaleyale.

Tena kinyota hiki si kile cha grep, programu ya kutafuta maandishi ndani ya mafaili. Hapa kinasimama badala ya herufi zozote, hata zisipokuwepo. Kwenye grep hurudia herufi iliyokitangulia.

Na mafaili yakibaki na baiti 0 baada ya sort "$f" > "$f", sort (programu ya kupanga mistari) haina kosa. Sheli ndiyo iliyoona > (alama ya kuelekeza matokeo kwenye faili) ikafuta yaliyomo kwenye faili kwanza, sort ikafika na kukuta tupu. Andika sort -o "$f" "$f": sort itasoma yote ndipo iandike.