Kabla Hamjamwaga Zege Barabarani: Namna ya Kuomba Tuta, Zebra na Njia ya Waenda kwa Miguu

Kila shule zinapofunguliwa Januari, barua za kuomba matuta humiminika katika ofisi za kata na za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sambamba na barua hizo, baadhi ya mitaa imeanza kujitengenezea matuta yenyewe. Leo mtoto kagongwa, usiku vijana wanakusanya kifusi na mifuko miwili ya saruji, asubuhi kuna tuta. Uchungu unaowasukuma sisi wahandisi tunauelewa na hatuutilii shaka. Hata hivyo tuta hilo ni kosa kisheria, na mara nyingi linamuumiza yule yule aliyekusudiwa kulindwa.

Sababu iko kwenye umbo. Tuta la kitaalamu la kushusha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa lina kimo cha sentimita 10 na urefu wa takriban mita 4 kufuata uelekeo wa gari, mgongo wake umejikunja taratibu kama ngalawa iliyopinduliwa. Gari linapanda na kushuka bila kugonga chini, lakini dereva akikimbia anatupwa kwenye kiti. Tuta la kifusi kwa kawaida lina kimo cha sentimita 15 au 20 na urefu usiofika mita moja. Gari dogo linakwaruza tumbo. Dereva anayelijua halivuki, analikwepa: anapeleka tairi za kushoto pembeni, palepale wanapopita wanafunzi. Bodaboda anayekuja usiku halioni kwa kuwa halina rangi wala kibao, anaruka na abiria wake. Mvua ikinyesha, tuta lililojengwa kutoka ukingo hadi ukingo bila kuachia maji njia linageuka bwawa, lami inalainika, na baada ya masika moja mna tuta na shimo pamoja.

Zege juu ya lami nalo halishiki. Tuta la lami huanza kwa kuchimbua uso wa zamani, kupakwa lami ya kugandishia, kisha kumwagwa na kushindiliwa kwa kupimwa na kiolezo cha mbao au chuma chenye umbo lenyewe. Mkandarasi asiye na kiolezo anakisia, na tuta la kukisia tunalikataa wakati wa ukaguzi hata kama wananchi tayari wamelishangilia.

Kwa nini tunang'ang'ania kilomita 30 mbele ya shule, wakati Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaruhusu 50 kwenye maeneo ya makazi? Pigeni hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka kisha akafunga breki kwenye lami kavu, anasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa kilomita 30 anasimama ndani ya mita 13 au 14. Mtoto aliyechomoza mita 20 mbele, kwa mwendo wa kwanza anagongwa, kwa mwendo wa pili haguswi. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo inaongezeka kwa asilimia 4. Ndiyo maana kibao cha "Punguza Mwendo" peke yake hatukihesabu kuwa ni mradi.

Na zebra peke yake pia si mradi. Hili tunalirudia kila mwaka na kila mwaka tunapokea maombi ya "rangi tu, mhandisi, tupeni rangi". Rangi haisimamishi gari. Zebra iliyochorwa mahali magari yanapokimbia inampa mtoto ujasiri bila kumpa ulinzi. Zebra inayofanya kazi ina tuta kabla yake kila upande, au yenyewe imejengwa juu ya tuta la mgongo bapa ili mvukaji atembee kwenye usawa wa njia ya miguu. Rangi iwe ya kuyeyushwa kwa moto yenye chembe za kioo zinazong'aa kwenye taa. Rangi ya kawaida kwenye barabara yenye daladala nyingi hufutika mapema, na zebra iliyofutika haimsaidii mtu yeyote mbele ya hakimu.

Halafu kuna suala la kituo. Daladala ikishusha kabla ya zebra inamficha mvukaji: abiria anapita mbele ya pua ya gari na dereva anayelipita hamwoni mpaka wamekutana. Kituo kinatakiwa kiwe baada ya zebra, ili walioshuka wavuke nyuma ya gari. Kukihamisha mita 30 kunahitaji kibao, sehemu ya kuegesha na makubaliano na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na polisi, gharama ndogo kuliko tuta. Mara nyingi hilo ndilo jibu, na mara nyingi ndilo wananchi wanalolipinga kwa sababu kibanda cha mtu kinabaki mbali na abiria.

Barabara yenye njia mbili kila upande ina mtego wake: gari la kwanza linasimama, la pili linalipita kwa kasi likidhani la kwanza limeharibika. Hapo panahitajika kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 angalau, kwa kuwa baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8 na isipoenea kisiwani inabaki imechomoza barabarani.

Sasa utaratibu. Swali la kwanza ni barabara ni ya nani, na hapa ndipo maombi mengi yanapopotelea. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, yaani za mijini na vijijini zilizobaki, zinasimamiwa na TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017 chini ya TAMISEMI. Halmashauri haina tena mafungu ya kujenga barabara kama zamani. Mkurugenzi na diwani wanapanga vipaumbele, wanasukuma na wanafuatilia, lakini hawawezi kumwagiza greda kesho asubuhi. Anayemtukana diwani kwa tuta la barabara kuu anapoteza muda wake na wa diwani. Mtendaji wa mtaa anajua au anaweza kuuliza barabara ipo kwenye orodha ya nani, na jibu linapatikana siku hiyo hiyo.

Ombi lipitie mkutano mkuu wa mtaa au wa kijiji, na liingie kwenye muhtasari. Muhtasari uwe na tarehe, orodha ya waliohudhuria na saini, na muhuri wa mtendaji. Barua inapanda kwa mtendaji wa kata, inajadiliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha inakwenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya au meneja wa TANROADS wa mkoa. Nakala ziende kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Nakala ya polisi si ya heshima tu: wao ndio wenye kumbukumbu za ajali, na ombi lisilooana na kumbukumbu zao hurudi chini ya rundo. Ajali ndogo ambazo hazikuripotiwa kituoni, kwa hesabu zetu hazijatokea. Ripotini.

Ambatanisheni mchoro wa mkono unaoonyesha geti la shule, kituo, mtaro na mahali watu wanapovuka kwa kweli, si mahali mnapotamani wavuke. Ambatanisheni pia hesabu: watu wawili wakae kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, na tena saa 8 hadi saa 10 alasiri, siku ya shule isiyo ya mnada wala sikukuu, mmoja ahesabu wavukaji kila robo saa akitenganisha watoto na watu wazima, mwingine ahesabu pikipiki, bajaji, magari madogo na malori. Karatasi moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Mhandisi atakuja kupima mwendo wa magari, upana wa barabara, mteremko na umbali anaoweza kuona dereva. Hapo anaweza kusema hapana. Tuta haliwekwi kwenye kona kali, kwenye mteremko mkali au juu ya kalavati. Anaweza kupendekeza rasta, yaani vijituta vyembamba vya mfululizo, za kumwamsha dereva kabla ya tuta, au geti la shule lihamishiwe uchochoroni. Kuhamisha geti kunawaudhi walimu wakuu, lakini kwa fedha iliyopo ni dawa nzuri mno. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, wa usalama barabarani kuzunguka shule, ulioanzia Dar es Salaam, umejengwa juu ya vitu vya namna hii hii: geti, njia ya miguu, nguzo fupi, tuta, zebra. Tathmini yake ilionyesha majeruhi walipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji teknolojia ya ajabu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti inaandaliwa miezi mingi kabla. Barua ya Mei haiingii kwenye bajeti ya Julai. Leteni kati ya Septemba na Novemba. Kinachoweza kufanyika kabla ya bajeti ni kufyeka majani yanayoziba kona, kurudishia kibao kilichoanguka na wavushaji wa wanafunzi waliofundishwa na trafiki.

Njia ya waenda kwa miguu ndiyo inayosahaulika. Kila mtu anaomba tuta, hakuna anayeomba mahali pa kutembea. Njia inayofaa ina upana wa mita 1.5 usio na kitu chochote ndani yake: si nguzo ya umeme, si meza ya chipsi, si pikipiki zilizoegeshwa. Kwenye mitaa mingi njia hiyo ni mifuniko ya mtaro. Mfuniko wenye nondo ukiibwa, mwenda kwa miguu anashuka barabarani, na usiku asiyeona anaingia mtaroni. Kwenye vichujio vya maji, vyuma vikae kukingama uelekeo wa baiskeli. Vikilala sambamba nao, tairi jembamba linazama na mwendeshaji anapaa.

Nguzo fupi za kuzuia magari tunaziacha nafasi ya mita 1.2. Bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi, haipiti. Kiti cha magurudumu na baiskeli vinapita. Pikipiki nayo inapita, na hapa tuelewane: hakuna nguzo inayomruhusu mlemavu na kumzuia bodaboda. Wanaotuandikia kila wiki wakitaka nafasi ipunguzwe wanaomba tumfungie njia mtu mwenye kiti cha magurudumu ili kumwadhibu mwingine. Hatutafanya hivyo. Bodaboda kwenye njia ya miguu ni suala la polisi na viongozi wa vijiwe.

Kuhusu adhabu. Dereva asiyempisha mvukaji aliyekwishaingia kwenye zebra, anayepita gari lililosimama zebra, au anayeendesha kwenye njia ya miguu anaandikiwa kosa kwenye mashine na kupewa namba ya malipo. Tozo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa kwa magari. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi shilingi 10,000 mwaka 2021. Makosa mawili ni tozo mbili. Malipo ni kwa namba hiyo tu, kwa benki au simu, kamwe si mkononi mwa askari. Ukichelewa tozo inaongezeka, na deni linaonekana kwenye namba ya gari hata ukiliuza. Asiyekubali kosa ana haki ya kwenda mahakamani. Biashara na maegesho juu ya njia ya miguu yanaangukia sheria ndogo, ambazo kila halmashauri ya mji inazitunga chini ya Sheria Na. 8 ya 1982, kwa hiyo faini ya kwenu iulizwe kwenu. Kujenga chochote kwenye hifadhi ya barabara, tuta la kifusi likiwemo, kunahitaji kibali cha maandishi cha mwenye barabara chini ya Sheria ya Barabara ya 2007. Bodaboda akifia kwenye tuta lisilo na kibali, upelelezi utaanza kwa kuuliza nani alilimwaga.

Waendesha baiskeli wana njia zao kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara, Dar es Salaam, tangu 2016, na wanajua jinsi zinavyogeuzwa maegesho. Pasipo na njia yao wakae kushoto, umbali wa mkono mmoja kutoka ukingoni ili wasisukumwe mtaroni, breki mbili zikiwa zinashika, kengele, taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma. Kwenye zebra washuke na kusukuma. Mwenda kwa miguu asiye na njia atembee kulia, akiyakabili magari.

Mradi ukikamilika, kagueni pamoja na mhandisi kabla ya mkandarasi kuondoka. Rangi ipo pande zote? Kibao kinaonekana usiku? Maji yanapita? Baada ya hapo, mfuniko ukikosekana pelekeni taarifa kwa maandishi na picha mbili: moja ya shimo, nyingine inayoonyesha namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu. Taarifa inayosema "pale kwa Mama Ntilie" inamlazimu fundi kuzunguka mtaa mzima akiuliza, na mama ntilie wapo wengi.