Protini za Uvimbe na Tiba ya Limfoma: Maswali ya Familia za Bukavu

Swali: Karatasi ya maabara ya mama yetu imeandikwa «limfoma ya seli B kubwa, CD20 chanya, BCL2 chanya, Ki-67 asilimia 80». Maana yake ni nini?

Jibu: Limfoma ni saratani ya tezi za kinga, na hii imeanzia katika seli B, aina ya chembe nyeupe za damu. CD20, BCL2 na Ki-67 ni majina ya protini zilizotafutwa katika kipande cha tezi yake, kwa kingamwili zinazoshika kila protini na kuifanya ionekane kwa rangi chini ya darubini. CD20 hukaa juu ya seli B. Ikiwapo, dawa ya rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hupata mahali pa kushika, na isipokuwapo, familia inaweza kuuza shamba kwa dawa isiyo na kazi. BCL2 huizuia seli isife hata ikijeruhiwa na dawa. Ki-67 huonyesha seli zilizo katika kugawanyika.

Swali: Basi asilimia 80 ni habari mbaya?

Jibu: Si lazima. Katika limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wa Uganda, Ki-67 hukaribia asilimia 100, lakini uvimbe huo hunywea upesi kwa kemotherapi, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo hushambulia hasa seli zinazogawanyika. Katika limfoma ya mama yenu, kinachowatia madaktari wasiwasi zaidi ni protini nyingine, MYC (asilimia 40 au zaidi ya seli), ikiambatana na BCL2 (zaidi ya asilimia 50): ya kwanza huzisukuma seli zizaliane, ya pili huzikinga zisife. Wagonjwa wa kundi hilo, wakihesabiwa kwa pamoja, hupona kwa uchache zaidi. Lakini hesabu ya kundi haimhukumu mgonjwa mmoja, na umri, kiwango cha LDH (kimeng'enya kinachopimwa) katika damu na hatua ya ugonjwa bado vina uzito. Ulizeni kama MYC ilipimwa.

Swali: Je, MYC na BCL2 zikionekana pamoja, dawa zitabadilishwa?

Jibu: Mara nyingi hapana.

Swali: Sisi tufanye nini?

Jibu: Angalieni safari ya kipande chenyewe, maana hapo ndipo majibu mengi huharibikia. Kinachotoka Shabunda au Kalehe kiwekwe mara moja katika formalini (dawa ya kuzuia kuoza) ya asilimia 10, iliyo nyingi mara kumi kuliko kipande, wala si katika maji. Kikianza kuoza njiani, rangi hudanganya. Tezi iliyodhaniwa kuwa ya kifua kikuu, isipopungua kwa dawa zake, ikatwe na kupimwa. Bloku ya parafini, yaani kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta, isitupwe: hukaa miaka, na MYC yaweza kupimwa humo bila kumkata mama tena.