Je, wajua kuwa seli zinazoipa ngozi rangi zinafanya kazi pia ndani ya sikio?

Mtu mwenye mbalanga, ambayo hospitalini huitwa vitiligo, hutambulika kwa mabaka meupe vidoleni, pembeni mwa midomo au magotini. Kisichoonekana ni kwamba wenye mbalanga wakipimwa masikio, baadhi yao hukutwa usikivu umepungua, hasa kwa sauti nyembamba. Ngozi na sikio vinahusiana vipi?

Mbalanga huwapata watu kati ya 5 na 20 katika kila 1000 duniani. Seli za kinga za mwili huzigeukia seli za rangi za mwili huohuo na kuziua. Haiambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja, na si ukoma. Baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi; baka la mbalanga ukilipitishia pamba, mwenyewe anahisi hata akiwa amefumba macho. Ni vizuri hili lisemwe wazi, maana pale Kibirizi, Kigoma, dagaa wanapouzwa, unaweza kumwona mama mwenye vidole vyeupe akijaza kisado mpaka pomoni, na mteja akaiweka noti mezani ili mikono isigusane. Mteja huyo hana cha kuogopa.

Sasa sikio. Jibu linalokuja haraka ni kwamba rangi yenyewe ndiyo inayosaidia kusikia, hivyo anayeikosa lazima apungukiwe. Hata wanyama wanaonekana kuliunga mkono: mwaka 1859 mwanasayansi Charles Darwin aliandika kwamba paka wenye macho ya bluu ni viziwi. Lakini mkoani Kigoma jibu hilo halipiti. Shule ya Msingi Kabanga, wilayani Kasulu, ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbia mashambulizi yaliyoanza kutikisa nchi miaka ya 2007 na 2008. Watoto wenye ualbino huzaliwa na rangi kidogo sana au bila rangi kabisa, kuanzia ngozi na nywele hadi macho. Shida zao kubwa ni jua na uoni hafifu, ndiyo maana huhitaji kukaa karibu na ubao. Mwalimu akiita jina, kwa kawaida wanasikia kama wenzao. Kama kukosa rangi kungeziba masikio, hao ndio wangekuwa wa kwanza kuwa viziwi.

Tofauti iko kwenye seli. Mwenye ualbino anazo seli za rangi, ziko hai na ziko mahali pake, ila haziwezi kutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, ya kutosha. Mwenye mbalanga, kwenye baka lake, seli zenyewe zimeuawa. Ukitazama ngozi unaona weupe tu kote kuwili. Na sikio linachohitaji ni seli, iwe na rangi au isiwe nayo.

Seli hizo zinafanya nini humo? Chukua nyumba yenye tangi la maji juu ya mnara. Pampu inapandisha maji usiku na mchana, na kwa sababu tangi liko juu, ukifungua bomba jikoni maji yanatoka kwa nguvu bila wewe kufanya kazi yoyote. Koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, nayo ina hifadhi yake: majimaji yenye potasiamu nyingi, yanayowekwa kwenye umeme wa takriban milivolti 80. Sauti ikiingia, hupinda vinywele vidogo mno vya seli za kusikia, na kila kinywele kikipinda bomba linafunguka, potasiamu inamiminika ndani, ishara inakwenda kwenye ubongo. Pampu ni utando wenye mishipa mingi ya damu ukutani mwa koklea, wenye matabaka matatu ya seli, na tabaka la katikati ni seli za rangi. Zikitoweka, tangi linashuka. Mabomba ni mazima lakini yanachuruzika. Kwa mwenye ualbino, pampu haijapakwa rangi, basi. Inasukuma kama kawaida.

Mtaalamu wa anatomia Alfonso Corti aliiona rangi ndani ya sikio tangu mwaka 1851, lakini kazi ya seli hizo ilichelewa mno kueleweka. Mwaka 1989 watafiti Karen Steel na Chris Barkway walichunguza panya waliozaliwa bila seli hizo kwenye utando ule, wakakuta kwa wengi umeme wa koklea karibu na sifuri. Nao panya albino, weupe pepepe, umeme wao ni wa kawaida. Ni jambo la kustaajabisha kwamba seli inayojulikana kwa kukinga jua imewekwa mahali ambapo jua halifiki kamwe.

Kwa binadamu mwenye mbalanga ushahidi ni hafifu zaidi. Huwezi kukata kipande cha koklea ya mtu aliye hai ukakitazame kwa hadubini, kwa hiyo watafiti wa Uturuki, Iran, Misri na India wamepima usikivu tu, mara nyingi kwa makundi madogo. Wengi wamekuta upungufu kwenye sauti za mitetemo 4000 kwa sekunde na kuendelea. Wengine hawakuona tofauti ya maana. Upungufu ukiwepo, kwa kawaida ni mdogo. Mtu anaendelea kuzungumza vizuri, ila penye kelele "fika" na "shika" zinaweza kumchanganya, maana herufi hizo hubebwa na sauti nyembamba. Kipimo hakiumi: unavaa vipokea sauti, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio.

Kuna ugonjwa mmoja ambapo shambulio halibaki kwenye ngozi. Unaitwa Vogt-Koyanagi-Harada, ni wa nadra, na unazilenga seli za rangi za macho, masikio, ngozi na utando wa ubongo. Huanza na kichwa kuuma, macho mekundu yenye ukungu, na mlio masikioni. Mabaka meupe huja baadaye, wiki au miezi. Anayepata dalili hizo za mwanzo aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za steroidi zikiwahi huweza kuokoa uoni.