Unyevu unaopanda: ukuta unaokunywa maji kutoka chini

Nairobi tuna kauli moja kwa kila ukuta wenye matatizo: "umeshika maji." Rangi ikitoa malengelenge sebuleni, umeshika maji. Kona ya chumba cha kulala ikiota ukungu mweusi nyuma ya kabati, umeshika maji. Paipu ikipasuka ghorofa ya juu na kuchora ramani kwenye silingi yako, ni yayo hayo. Fundi anaitwa, anakwangua, anapaka skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, anapiga rangi mara mbili, analipwa na kwenda zake. Mvua ya Aprili ikifika, doa linarudi palepale kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

Hapa nitaeleza aina moja tu, ile inayokula pesa nyingi kwa kutoeleweka: unyevu unaopanda. Ni maji ya ardhini yanayonyonywa na msingi, kisha yakapanda ndani ya ukuta bila bomba wala mvua kuyasukuma. Chovya ncha ya andazi kwenye chai uone chai inavyokwea hadi sehemu ambayo haikugusa kikombe. Jiwe, simiti iliyokauka na plasta vina vitundu vyembamba vivyo hivyo, na mawe yetu ya kujengea, yakiwa ya majivu ya volkano yaliyoshikamana, yananyonya vizuri sana. Maji hukwea hadi pale ambapo kasi ya kukauka inalingana na kasi ya kupanda. Ndiyo maana doa la aina hii kwa kawaida halivuki mita moja kutoka sakafuni, na ukingo wake wa juu hukimbia sambamba na sakafu kama alama ya maji kujaa na kupwa. Doa lililo karibu na dari halikutoka ardhini, hata aliyekuja kulitazama akiapa.

Maji hayo hayapandi peke yake. Hubeba chumvi za udongoni, na yakifika usoni mwa ukuta yakakauka, chumvi hubaki. Ule unga mweupe unaoufuta kwa kitambaa na kuukuta tena wiki ijayo ndio huo. Unga wenyewe hauna madhara makubwa. Ubaya ni chumvi inayogandia ndani ya plasta: hukua, husukuma, na plasta inaanza kulia tupu ukiigonga kwa kiungo cha kidole. Tena baadhi ya chumvi hizo huvuta unyevu wa hewani zenyewe. Kwa hiyo unaweza kuziba njia ya maji kabisa, na bado Julai, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, ukuta ule ukaloa tena. Watu wengi hapo humlaumu fundi aliyefanya kazi yake sawasawa. Kilichobaki ni plasta ya zamani ambayo ilipaswa kuondolewa.

Kinga ya ugonjwa huu huwekwa siku ya ujenzi, na mafundi huita dipisi, yaani herufi tatu za Kiingereza, DPC (damp-proof course, tabaka la kuzuia unyevu), zilizosomwa kama neno. Ni utepe mweusi wa lami au plastiki unaolazwa juu ya ukuta wa msingi kabla ya safu za mawe ya nyumba kuanza, na hutakiwa kukaa kama sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Chini ya sakafu kuna ndugu yake, karatasi ya polithini, ambayo ile nene ya geji 1000 ni robo ya milimita tu. Hutandikwa juu ya mawe ya kujazia yaliyosawazishwa kwanza kwa vumbi la kokoto, kwa sababu jiwe moja lenye ncha linatosha kuitoboa. Wenye nyumba wengi hujua karatasi wakasahau utepe. Karatasi hulinda sakafu. Kuta zinategemea utepe.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko ya mjini humu: kabro, yale matofali ya zege ya kutandika uwanjani. Nyumba ilijengwa vizuri, dipisi ipo. Miaka inapita, mwenye ploti anataka uwanja upendeze, anamwaga murram, anasindilia, anapanga kabro juu yake. Au mama anajenga bustani ya maua chini ya dirisha. Ardhi ya nje sasa iko juu kuliko ule utepe, na maji yanaingia ukutani yakiwa tayari yameuruka. Mafundi husema dipisi imevukwa. Dawa yake ni chepeo: chimba kando ya ukuta hadi ardhi ishuke chini ya utepe, kisha elekeza maji mbali na nyumba. Kwenye udongo mweusi wa Embakasi au Syokimau, ule unaoshika maji na kukunyang'anya kiatu, hili ni la lazima zaidi kuliko kwenye udongo mwekundu wa upande wa Kiambu.

Kabla ya kuchimba, hakikisha ni ugonjwa huu. Maji ya kutoka nje, kwa mfano gata iliyovunjika au ufa wa plasta, huacha doa lenye umbo la kiraka na hukolea baada ya mvua. Maji ya jasho, yanayotokana na mvuke wa jikoni na bafuni kugusa ukuta baridi, huleta ukungu mweusi, na yanatibiwa kwa kufungua madirisha. Ukiwa na shaka, bandika karatasi ya foili ukutani kwa selotepu pande zote na uiache siku moja. Ikiloa upande wa chumbani, ni jasho. Ikiloa upande wa ukuta, maji yamo ndani.

Tofauti hii hugusa hata bima. Paipu iliyopasuka ghafla kwa kawaida hulipiwa. Unyevu unaopanda huhesabiwa kuwa uharibifu wa polepole, na sera nyingi huuacha nje. Neno moja kwenye ripoti laweza kukufungia hundi.

Kama dipisi haikuwekwa kabisa, kuna dawa ya sindano: matundu hutobolewa kwenye simiti kati ya mawe, chini karibu na sakafu, yakajazwa krimu ya silikoni inayoziba njia. Kwa nyumba ambayo dipisi yake imevukwa na kabro, sindano hiyo ni kutupa pesa bure. Baada ya njia kuzibwa, plasta iliyoathirika hubomolewa hadi kama sentimita 30 juu ya doa lilipoishia, na skimu ya jipsamu haishushwi kugusa sakafu, maana jipsamu hunywa maji kama sponji.

Halafu kungoja. Mafundi wa Uingereza hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Kwa jiwe letu la inchi tisa, anayekuja Jumatatu na kutaka kupaka rangi Ijumaa anapaka maji.