Je, wajua kwa nini dhoruba ya jua huichanganya GPS ya Mbeya hata jua likishazama?

Jioni moja ya mwezi Machi nilikuwa Uyole na shemeji yangu, mpima ardhi, akimalizia viwanja vya watu. Jua lilikuwa limeshazama upande wa Mbalizi, anga limetakata, wingu hata la dawa hakuna. Zilibaki bikoni mbili, zile nguzo fupi za mipaka. Akaisimamisha fimbo yenye mashine ya GPS kichwani, akasubiri. Kwenye kioo setilaiti zilikuwa ishirini na kitu, mara zikabaki kumi na moja, zikarudi, zikapotea tena.

"Imekataa kufiksi," akasema, yaani haipati mahali ilipo kwa uhakika, akaanza kukunja vifaa. "Jua limechafuka tangu mchana. Tutarudi asubuhi."

Nilidhani ananitania. Jua lenyewe limeshakwenda kulala, linahusikaje?

Linahusika kwa sababu ya ionosfia, yale matabaka ya hewa nyembamba yanayoanzia kama kilomita 80 juu yetu na kupanda mamia ya kilomita. Huko mionzi ya jua hunyofoa elektroni kutoka kwenye atomi na kuziacha zikizurura. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, kwa hiyo mawimbi yake hayana njia nyingine: lazima yapite humo, na elektroni huyachelewesha, mashine ikadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Wataalamu wana kipimo chao, elektroni trilioni elfu kumi katika nguzo ya hewa yenye upana wa mita moja ya mraba. Kipimo kimoja tu huleta kosa la sentimita 16 hivi. Vikifika 100, na kwenye maeneo kama yetu vinaweza kufika, kosa ni mita 16 kwa mashine isiyo na namna ya kulisahihisha. Kwa kiwanja cha mjini, hapo umeshaingia sebuleni kwa jirani.

Kwa nini nasema maeneo kama yetu? Ikweta tuliyofundishwa shuleni inapita Kenya na Uganda. Lakini dunia ina ikweta nyingine, ya sumaku, na upande huu wa Afrika hiyo hupita Ethiopia, karibu na nyuzi 9 kaskazini. Pale mistari ya sumaku ya dunia imelala sambamba na ardhi, kama kamba ya kuanikia nguo. Mchana ionosfia huwa na nguvu ya umeme inayoelekea mashariki, na umeme huo ukikutana na sumaku iliyolala, elektroni husukumwa kwenda juu. Zikishapanda, huteleza kufuata mistari ya sumaku, nyingine kaskazini, nyingine kusini, na kurundikana kama nyuzi 15 kila upande. Wenyewe huiita chemchemi. Mwingereza Edward Appleton aliandika juu ya marundo hayo mwaka 1946, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za ionosfia.

Sasa hesabu kutoka Ethiopia ukishuka kusini. Nyuzi 15 zinakutua katikati ya Tanzania; ukiongeza kidogo uko Iringa, kisha Mbeya. Maji ya chemchemi inayorukia Ethiopia yanatuangukia sisi.

Jua likizama, mambo huchacha. Tabaka la chini hupoteza elektroni zake haraka, la juu bado limejaa, na umeme wa jioni hulinyanyua zaidi kabla haujageuka. Kizito kimekaa juu ya chepesi. Umewahi kupika uji wa ulezi ukauacha utulie motoni? Povu linatoka chini, linapanda, linapasua juu: pwa! Ndivyo mapovu yenye elektroni chache yanavyopanda kwenye ionosfia, mengine kwa mamia ya kilomita. Mawimbi ya GPS yakipita kwenye kingo za mapovu hayo humeta kama nyota, na mashine huyapoteza. Kwa kawaida ni baada ya magharibi hadi kama saa 6 usiku, na zaidi miezi ya Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba. Kwa hiyo shemeji alitia chumvi kidogo: jioni ile ingeweza kuharibika hata bila dhoruba.

Dhoruba inaongeza nini? Jua hurusha wingu la gesi yenye umeme, mara nyingine likikimbia zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde, nalo hufika duniani baada ya siku moja hadi tatu. Likiitikisa sumaku ya dunia, fujo huanzia kwenye ncha za dunia, kaskazini na kusini, na habari hutufikia kwa wajumbe wawili wasiopatana.

Wa kwanza ni umeme, na anafika ndani ya dakika. Akitukuta mchana au jioni, anasukuma upande uleule wa chemchemi: elektroni zinarushwa juu kuliko kawaida, marundo yanavimba na kusogea mbali zaidi na ikweta ya sumaku, na mapovu ya magharibi yanapata nguvu. Wa pili ni upepo. Hewa ya juu kule kwenye ncha hupashwa moto, ikavuma kuja huku kwa saa nyingi, na kuzalisha umeme wa kinyume. Huyo ndiye anayenishangaza, maana mchana huiziba chemchemi, na mara nyingine mapovu ya jioni inayofuata hayatokei kabisa. Siku ya pili ya dhoruba GPS inaweza kutulia kuliko siku ya kawaida.

Tarehe 10 Mei 2024 ilipiga dhoruba ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya kiwango hicho tangu 2003. Wimbi lake lilitua kama saa 2 usiku kwa saa zetu. Hadi Meksiko watu waliona anga limepakwa waridi, na Marekani matrekta yanayoongozwa na GPS yalisimama katikati ya msimu wa kupanda. Huku kwetu rangi hizo hazifiki. Dalili tunayopewa ni namba za setilaiti zinazopungua kwenye kioo.

Na ile jioni yetu ya Machi? Asubuhi yake tulirudi Uyole, umande bado uko kwenye mahindi. Mashine ilifiksi kabla shemeji hajamaliza kufunga zipu ya koti.