Deni la boom na shahada yenye "na" katikati

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu alinijia na kaunta buku. Amechaguliwa kusoma shahada ya mazingira na maendeleo, na ukurasa mmoja alikuwa ameugawa katikati kwa rula: kushoto deni, kulia mshahara. Upande wa deni ulijaa tarakimu hadi chini. Upande wa mshahara ulikuwa na alama ya kuuliza, basi. "Shangazi, nisaidie kujaza huku," akaniambia.

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na makato ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hapa Tanzania hupita mezani kwangu kila mwezi. Kwa hiyo tulianza na upande wa kushoto, kwa sababu wengi hukosea hapohapo. Kijana akisikia mkopo hufikiria ada. Kumbe kinachokula zaidi ni boom, ile fedha ya chakula na malazi. Ukipiga shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo, ni 2,400,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 7,200,000. Tukachukulia kwamba Bodi itamkopesha na 800,000 ya ada kila mwaka, jumla ikafika 9,600,000, bila kuhesabu vitabu, mafunzo kwa vitendo na ada ya uendeshaji. Boom peke yake ni robo tatu ya deni hilo. Nikamwambia pale anapoweza kula nyumbani ale nyumbani, na akibakiwa na kitu asikigeuze simu mpya, maana simu hiyo ataanza kuilipia akiwa kazini.

Tukaja upande wa kulia. Mfano wetu ulikuwa mshahara wa 800,000 katika kampuni binafsi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 10%, yaani 80,000. Inayobaki, 720,000, inatozwa kodi ya mapato, 60,000. Bodi inachukua 15% ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Mkononi zinabaki 540,000. Hapo bado hujalipa chumba wala nauli, na mama hajapiga simu. Kwa 120,000 kwa mwezi deni lile linaisha baada ya miezi 80, miaka sita na miezi minane.

Hiyo 15% naikumbuka vizuri. Zamani makato yalikuwa 8%. Yalipopanda, mwanzoni mwa 2017, watu walipanga foleni mezani kwangu na slipu mkononi wakidhani nimekosea. Mmoja alikuwa ameshakopa benki kwa kutegemea kiasi alichokuwa akibakiwa nacho; alikaa kwenye kiti akaitazama slipu muda mrefu bila kusema neno. Wakati huo deni pia lilikuwa linakua, kwa tozo ya kutunza thamani ya fedha ya 6% na adhabu ya 10% kwa waliochelewa. Zote mbili zilifutwa 2021, na kwa maoni yangu hakuna jambo kubwa zaidi ya hilo walilowahi kufanyiwa wanufaika wa mikopo. Hesabu ya leo inatabirika: ulichokopa ndicho utakachorudisha, na ada ile ndogo ya uendeshaji. Msomaji wa Kenya asiichukue hesabu hii kama ilivyo, kwa kuwa HELB, bodi ya mikopo ya huko, ina riba ya 4% kwa mwaka, na anayekwepa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi.

Sasa ndiyo nikamwonyesha binti kitu ambacho ukurasa wake haukuwa nacho. Kila mwezi anaokaa nyumbani akisubiri kazi anapoteza zile 540,000. Miezi 18 ya kusubiri ni 9,720,000. Imelipita deni zima! Swali la kuogopa, basi, ni muda atakaokaa bila slipu ya kwanza, na kwenye shahada yenye "na" katikati, inayochanganya fani mbili kama yake, muda huo huwa mrefu kuliko kwa muuguzi au mhasibu.

Sababu yake inaonekana kwenye matangazo ya ajira serikalini. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira hutaja fani kwa majina: shahada ya kwanza katika fani hii, hii au hii. Mhasibu analijua jina lake. Mwenye shahada ya mchanganyiko inabidi atafute kama jina lililoandikwa kwenye cheti chake limo, na mara nyingi anabaki kutegemea yale maneno ya mwisho, "au fani zinazofanana na hizo", ambayo tafsiri yake iko mikononi mwa mtu mwingine. Nimeshaona vijana wazuri sana wakiachwa hapo, na inaniuma kila mara.

Mlango mwingine ni miradi, na huko mchanganyiko unapendwa kweli. Mradi wa maji unataka mtu anayeweza kuzungumza na kamati ya kijiji asubuhi na kuchambua takwimu jioni. Lakini mikataba ni ya miezi sita au mwaka, na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona watu wanarudi nyumbani kabla mikataba haijaisha. Ukiishi kwa kazi za muda ukahesabiwa kuwa umejiajiri, unatakiwa kuilipa Bodi 10% ya kipato kinachotozwa kodi, na isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwezi usio na kazi, laki moja hiyo ni nzito mno.

Sikumwambia aache kozi. Anaipenda, na ana kichwa chake. Nilimpa kazi mbili kabla chuo hakijafunguliwa. Ya kwanza, asome matangazo 20 ya zamani ya maofisa mazingira na maofisa maendeleo ya jamii, aandike kila jina la fani lililotajwa, kisha alinganishe na jina kamili la shahada yake. Ya pili, aulize idarani kama masomo ya hiari ya takwimu na GIS, yaani ramani za kompyuta, yako wazi kwa mwaka wa pili, na kama anaweza kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri au ofisi ya bonde la maji.

Juzi usiku alinitumia picha ya ukurasa. Amefika tangazo la kumi na moja. Jina la shahada yake limetokea mara nne.